Kufua Nguo Ukiwa Melini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wasafiri wa Nyanda za Juu Kusini

Kazi yangu ni udobi hapa jijini Mbeya, na wasafiri wa meli wanaoniletea nguo zao ni wa makundi mawili. Wapo wanaokwenda mbali: wazee walioalikwa na watoto wao walioko ughaibuni, maharusi waliolipiwa safari, na waumini wanaopanda meli ya kitalii ili waione Efeso, Patmo na Rodo. Wapo pia wanaoteremka Kyela kupanda meli ya Ziwa Nyasa kwenda Lupingu, Liuli au Mbamba Bay. Makundi yote mawili huuliza maswali yaleyale kuhusu nguo. Majibu haya nimeyakusanya kwa kuwahoji waliorudi, kwa kuzikagua nguo walizorudi nazo, na kwa kuyasoma masharti ya safari ambayo abiria wengi huyaweka mfukoni bila kuyafungua.

## Mambo ya msingi

Je, kwenye meli ya kitalii kuna huduma ya kufuliwa nguo?

Ndiyo. Meli kubwa ya kitalii ina chumba cha udobi kwenye sitaha za chini, kinachofua mashuka, taulo, vitambaa vya meza na sare za wafanyakazi, na nguo za abiria hupelekwa humohumo. Abiria hakioni chumba hicho. Anachokiona ni mfuko uliowekwa kabatini pamoja na fomu yenye orodha ya nguo na bei ya kila moja. Hujaza fomu, huweka nguo mfukoni, na mhudumu wa chumba huuchukua mfuko asubuhi. Kwa kawaida nguo hurudi baada ya siku moja au mbili, zikiwa zimekunjwa au zimetundikwa kwenye henga.

Njia za kupata nguo safi melini ni tatu: kumpa dobi wa meli, kutumia mashine za abiria pale zilipo, na kufua kwa mkono chumbani. Wanaorudi wakiwa wameridhika ni wale waliozichanganya, yaani nguo ndogondogo walifua wenyewe kila jioni, na zile zinazohitaji pasi wakampa dobi mara moja katikati ya safari.

Mashine za abiria za kujifulia zipo kwenye meli zote?

Hazipo. Hili hutegemea kampuni, na wakati mwingine meli yenyewe. Carnival, Princess na Disney zina vyumba vidogo vyenye mashine za kufulia na kukaushia ambazo abiria hulipia. Cunard nayo ina vyumba hivyo, lakini hailipishi. Royal Caribbean, Celebrity na MSC haziwapi abiria mashine, kwa hiyo huko zinabaki njia mbili tu. Uliza swali hili kabla ya kulipia safari, hasa kama unasafiri na watoto.

Pale mashine zilipo, usiende siku ambayo meli iko baharini kutwa nzima, kwa sababu abiria wote wanakuwa na wazo hilohilo na foleni huwa ndefu. Nenda alfajiri, au wakati wenzako wameshuka bandarini. Kaa karibu na nguo zako. Ukiondoka, anayefuata atazitoa na kuziweka juu ya meza. Kabla ya kuwasha mashine ya kukaushia, toa manyoya yaliyojikusanya kwenye chujio lake, kwani manyoya hayo hushika moto kwa urahisi, na moto ndio jambo ambalo meli yoyote hulihofia kuliko mengine.

Gharama hutozwaje?

Dobi wa meli hutoza kwa kila nguo, na bei yake kwa mtu aliyezoea madobi wa Mwanjelwa itamshtua. Fedha taslimu hazitumiki. Kiasi huandikwa kwenye hesabu ya chumba chako, na utakilipa mwishoni pamoja na matumizi mengine. Ukitaka nguo irudi siku hiyohiyo, kuna nyongeza, ambayo mara nyingi ni nusu ya bei ya kawaida.

Kampuni kadhaa hutoa ofa ya mfuko katikati ya safari: unalipa bei moja kwa mfuko mzima, uujaze utakavyo, ilimradi ufungike. Tangazo lake huletwa chumbani kwa karatasi au hutokea kwenye programu ya simu ya meli. Mara nyingi ofa hii hukubali nguo za kawaida tu, kama fulana, soksi, kaptura na nguo za kulalia, na haihusishi kupiga pasi. Kwa familia ndiyo njia yenye nafuu kuliko zote, kwa hiyo kabla ya kuanza kutuma nguo mojamoja, muulize mhudumu wa chumba kama ofa hiyo itakuwapo.

Nibebe nguo ngapi kwa safari ya siku saba?

Wasafiri wetu hubeba nyingi mno, na ninaelewa sababu. Mtu wa Njombe au Makete amezoea kuvaa tabaka juu ya tabaka, na hakuna anayetaka kuonekana ameishiwa ugenini. Hata hivyo chumba cha meli ni kidogo, kabati lake ni jembamba, na begi lazima lipite kwanza kwenye mizani ya uwanja wa ndege wa Songwe.

Kwa siku saba, nguo za mchana za siku nne zinatosha ikiwa utafua mara moja. Ongeza nguo mbili za jioni, kwa kuwa meli nyingi huwa na jioni moja au mbili za kuvaa rasmi. Suti moja yenye mashati mawili inatosha kwa mwanamume, na kitenge kilichoshonwa vizuri kinafaa kabisa kwa mwanamke. Nguo za ndani na soksi ziwe za siku tano. Sweta liwe moja, jepesi, kwa sababu kumbi za meli hupozwa sana na upepo wa usiku kwenye sitaha ni mkali hata katika bahari ya joto.

## Kabla ya kuondoka nyumbani

Nguo za aina gani hufulika kwa urahisi melini?

Kigezo ni muda wa kukauka. Nguo za nailoni, poliesta au mchanganyiko wa poliesta na pamba zikifuliwa jioni huwa zimekauka asubuhi. Fulana nzito ya pamba huchukua siku nzima. Suruali ya jinzi huchukua siku mbili, na mishono yake hubaki na unyevu hata baada ya hapo, kwa hiyo kama lazima ubebe jinzi, iwe moja, na usipange kuifua.

Khanga ni rafiki wa msafiri kuliko nguo nyingine yoyote niijuayo. Ni nyepesi, hukauka haraka, huwa taulo, shuka na pazia. Kitenge kipya ni jambo jingine. Vitenge vingi huchuja rangi katika mafuo ya kwanza, na ninawasihi wasafiri wasiende na kitenge ambacho hakijawahi kuguswa na maji. Kifue nyumbani peke yake, kwa maji baridi, mara mbili au tatu, mpaka maji ya kusuuza yatoke meupe. Wapo wanaokiloweka kwenye chumvi au siki wakiamini kwamba rangi itashika. Kwa vitambaa vya siku hizi sijaona njia hiyo ikisaidia, na kilichosaidia ni kufua tu. Nilipokea mwaka mmoja mashati saba meupe ya mzee mmoja, yote yakiwa na rangi ya waridi, kwa sababu sare mpya ya kwaya ya mkewe ilitiwa kwenye mfuko mmoja nayo. Mashati manne niliyaokoa.

Nibebe sabuni gani?

Kata kipande cha sabuni ya mche chenye ukubwa wa kiganja, kianike kivulini siku mbili ili kikauke na kuwa kigumu, kisha kiweke kwenye kopo dogo. Viwanja vingi vya ndege bado vinakataza chombo cha majimaji kinachozidi mililita 100 kwenye begi la mkononi, na sabuni ya maji huangukia hapo. Kipande cha mche hakina tatizo hilo, hakimwagiki, na kinatosha wiki mbili. Sabuni ya unga ukiibeba, itie kwenye begi kubwa, ndani ya mifuko miwili. Jiki usiibebe kabisa, kwani ikivuja itaharibu kila kilichomo.

Ongeza kamba nyembamba ya mita mbili, vibanio vinane vya nguo na brashi laini. Sumaku mbili zenye ndoano ni za thamani kubwa melini: kuta za vyumba vingi vya meli ni za chuma, hivyo sumaku hushika vizuri, na utapata mahali pa kutundikia bila kugongomea wala kuning'iniza kitu kwenye taa.

Naruhusiwa kubeba pasi yangu ndogo?

Hapana. Kampuni za meli za kitalii hukataza pasi chumbani, na nyingi hukataza pia kifaa cha kunyooshea nguo kwa mvuke. Mabegi hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi wakati wa kupanda, pasi ikionekana huchukuliwa, na hurudishwa siku ya kushuka. Sababu ni moto. Kwenye baadhi ya meli, chumba cha mashine za abiria huwa na pasi na meza yake. Kwingine utampa dobi wa meli nguo kwa ajili ya kupigwa pasi tu, na bei ya kupiga pasi huwa chini kuliko ya kufua na kupiga pasi.

Nguo iliyojikunja kidogo huweza kunyooshwa bila pasi. Itundike bafuni unapooga maji ya moto, uache mlango umefungwa kwa dakika 15, kisha ivute mishono kwa mikono na kuipangusa kuelekea chini. Kwa kitenge na shati la mikono mirefu matokeo huwa mazuri. Kwa kitani, usitarajie mengi.

## Kufua mwenyewe chumbani

Ninawezaje kufua vizuri kwenye sinki dogo kama lile?

Fua kidogo kila jioni badala ya kungoja rundo. Sinki la bafu la meli hupokea vitu vitatu au vinne tu kwa wakati mmoja: soksi, nguo za ndani, fulana moja. Lisafishe kwanza, maana hujui aliyekutangulia alitia nini. Jaza maji ya uvuguvugu, paka sabuni kwenye kola, kwapa na nyayo za soksi, loweka kwa dakika kumi, kisha fikicha taratibu. Suuza mara mbili au tatu, na hapo kamua bila kusokota kwa nguvu.

Baada ya kukamua, tandaza taulo kavu kitandani, laza nguo juu yake, viringisha vyote pamoja kama mkeka, kisha bonyeza kwa uzito wa mwili au kanyaga kwa miguu safi. Taulo litanyonya maji mengi yaliyobaki, na nguo ambayo ingechukua siku nzima kukauka itakauka usiku mmoja. Mhudumu ataleta taulo jingine kesho yake.

Mbona povu la sabuni haliishi ninaposuuza?

Kwa sababu maji ya meli ni laini. Meli kubwa hutengeneza sehemu kubwa ya maji yake kutoka baharini, ama kwa kuyageuza mvuke na kuyapooza, ama kwa kuyasukuma kwa nguvu kupitia vichujio vinavyozuia chumvi. Maji yanayopatikana hayana madini mengi, hivyo sabuni kidogo hutoa povu jingi. Tumia nusu ya sabuni unayotumia nyumbani. Sabuni isiyosuuzika vizuri huacha nguo ikiwa ngumu, na huwasha ngozi kwapani na kiunoni.

Je, naweza kufulia maji ya bahari tukiwa ufukweni?

Usifanye hivyo. Sabuni ya kawaida haitoi povu kwenye maji ya chumvi, na chumvi inayobaki kwenye uzi huvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo nguo haikauki sawasawa. Nguo iliyolowa bahari, ikiwa ni pamoja na ya kuogelea, isuuze kwa maji baridi ya bomba mara urudipo chumbani.

Nianike wapi?

Bafuni. Meli nyingi zina kamba nyembamba inayovutwa kutoka ukuta mmoja hadi mwingine juu ya mahali pa kuogea; iwapo haipo, tumia kamba na sumaku zilizotajwa katika jibu la sabuni. Feni ya bafu hunyonya hewa wakati wote, na hewa ya chumba kilichopozwa ni kavu, hivyo acha mlango wa bafu wazi kidogo ili hewa hiyo ipite kwenye nguo. Achanisha nguo, zikigusana, mahali zinapogusana hubaki mbichi na kutoa uvundo.

Roshani ya chumba inavutia macho, hasa kwa mtu aliyezoea kuanika uani. Lakini kampuni nyingi hukataza kuanika huko, nami naona katazo hilo ni la haki. Upepo wa meli inayokwenda huondoka na nguo kwa dakika moja; hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, na usiku nguo huloa upya. Shati lililopeperuka kutoka roshani yako laweza kunasa kwenye mitambo au kumwangukia mtu wa sitaha ya chini.

Ninalala chumba kimoja na mkwe wangu. Nitaanikaje nguo za ndani?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na linastahili jibu kamili, kwa kuwa vyumba vya familia hupangwa na kampuni isiyojua mkwe ni nani kwetu. Ikiwa inawezekana, omba vyumba viwili vinavyopakana mapema, kabla ya kulipa. Ikiwa haiwezekani, fanya kama tunavyofanya uani: anika nguo ya ndani kwanza, kisha itandie khanga juu yake kwenye kamba hiyohiyo. Khanga ni nyepesi na haizuii hewa sana. Fua ukiwa wa mwisho kuoga usiku, na anua ukiwa wa kwanza kuamka. Vitu vichache vinaweza pia kumalizia kukauka ndani ya kabati lako, vikitundikwa kwenye henga na mlango ukiachwa na upenyo.

## Kumpa dobi wa meli

Nijaze fomu vipi ili nguo zisipotee?

Hesabu nguo mbele ya mwenzako, andika idadi halisi, na uandike namba ya chumba hata kama mfuko tayari unayo. Piga picha ya nguo zikiwa zimetandazwa kitandani, na picha ya fomu iliyojazwa. Pekua mifuko yote: kalamu moja huharibu nguo za mfuko mzima, na kadi ya chumba ikifuliwa huenda isifungue tena mlango. Nguo zikirudi, zihesabu papo hapo mhudumu akiwa bado karibu.

Masharti ya kampuni huweka kikomo cha fidia, na kikomo hicho mara nyingi ni kidogo ukilinganisha na thamani ya suti au vazi la kushonwa. Kwa sababu hiyo usimpe dobi wa meli kitu ambacho huwezi kukipoteza. Batiki ya mkono, shela la harusi na vazi lenye shanga virudi nyumbani vikiwa vichafu kuliko kurudi vimeharibika.

Je, ni aibu kumpa nguo za ndani?

Melini hakuna anayeshangaa. Zipo kwenye orodha ya bei kama shati na soksi. Lakini wengi wetu tumelelewa kwamba nguo ya ndani hufuliwa na mwenyewe, na mimi kama dobi sizipokei dukani kwangu. Sioni haja ya kuiacha desturi hiyo kwa sababu ya safari. Zifue unapooga, kama ilivyoelezwa katika jibu la sinki, na utakuwa umepunguza pia gharama.

Siku ya mwisho ya kutuma nguo ni ipi?

Kwa kawaida udobi hufungwa kwa abiria siku moja au mbili kabla ya kushuka. Uliza tarehe hiyo mapema. Kumbuka pia kwamba usiku wa mwisho mabegi makubwa huwekwa nje ya mlango ili yakusanywe. Nguo utakayoshukia asubuhi, pamoja na ile iliyo bado kwenye kamba bafuni, ibaki kwenye begi la mkononi. Kila mwaka husikia habari za mtu aliyefunga kila kitu na kubaki na nguo za kulalia.

## Meli ya Ziwa Nyasa

Je, meli ya Ziwa Nyasa ina huduma ya udobi?

Panga safari yako kana kwamba haina. MV Mbeya II, iliyojengwa hukohuko Kyela, ni meli ya abiria 200 na tani 200 za mizigo. Ni chombo cha usafiri, wala haikujengwa kwa ajili ya mapumziko. Beba nguo safi za safari nzima pamoja na akiba ya siku mbili, kwa sababu ratiba ya ziwani hubadilika kutokana na upepo na mawimbi. Nguo chafu zitie kwenye mfuko wa kitambaa unaopitisha hewa, zisiingie kwenye nailoni, maana joto la ziwani litazivundisha kabla hujafika Mbamba Bay.

Naweza kufua ziwani tukifika?

Utawaona wenyeji wakifua kando ya maji, lakini mgeni ninamshauri asiingie ziwani kufua. Ziwa Nyasa lina kichocho, na vimelea vyake hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini, hasa kwenye maji tulivu yenye majani ambako konokono wanaowahifadhi huishi. Omba maji ya bomba au ya kisima kwenye nyumba ya wageni. Ikiwa maji ni ya ziwani, yachotwe na yaachwe ndani ya pipa lililofunikwa kwa siku mbili kamili, kwani vimelea hao hufa wasipompata mtu ndani ya muda huo. Fulia kwenye beseni, na maji ya sabuni uyamwage mbali na ufuko, watu wanakoteka maji ya kunywa na kuvua mbasa.

Nifue Kyela, Tukuyu au ningoje nifike Mbeya?

Ukiwa na haraka, fua Kyela ikiwa hakuna mvua. Ziwa liko kwenye mwinuko wa karibu mita 475, na Mbeya iko karibu mita 1,700, kwa hiyo unapanda zaidi ya mita 1,200 ndani ya safari ya nusu siku, na hali ya hewa hubadilika njiani. Kyela ni joto, na nguo iliyoanikwa saa nne huanuliwa saa nane. Masika yakiwa yamekolea, hata hivyo, hewa yake hujaa maji na nguo hukaa kambani bila kukauka.

Tukuyu usifue kama unasafiri kesho yake. Mvua na ukungu wa Rungwe havina msimu mrefu wa kupumzika, na wenyeji wenyewe huanika chini ya baraza. Mbeya mwezi wa Juni na Julai ni baridi sana, jambo linalowafanya wageni wadhani nguo hazitakauka, lakini ni kipindi cha kiangazi. Hewa ni kavu na jua la mchana ni kali, hivyo zilizoanikwa asubuhi hukauka jioni. Iringa zitakauka haraka zaidi kwa sababu ya upepo, ila huko zianikwe mbali na barabara ya vumbi, na zibanwe vizuri.

## Mambo yasiyo ya kawaida

Mtu chumbani ametapika au anaharisha. Nifanye nini na nguo?

Usizifue kwenye sinki na usizipeleke kwenye mashine za abiria. Piga simu kwa mhudumu au zahanati ya meli na useme ukweli. Magonjwa ya tumbo huenea haraka melini, na wafanyakazi wana mifuko maalumu na utaratibu wa kufua vitu hivyo kwa maji ya moto sana bila kuvichanganya na vingine. Wapo wanaoficha kwa kuogopa kutengwa chumbani. Matokeo yake ni familia nzima kuugua.

Ninasafiri na mtoto mchanga anayetumia nepi za kitambaa.

Kwa siku hizo tumia nepi za kutupa, hata kama nyumbani huzitumii. Sinki halitoshi, bafu halina hewa ya kutosha kwa nepi kumi kwa siku, na udobi wa meli unaweza kuzikataa. Nguo nyingine za mtoto hufulika kwa urahisi. Zisuuzwe mara tatu, kwa sababu iliyotajwa katika jibu kuhusu povu.

Doa limeingia na udobi umeshafungwa. Nilifanyeje?

Damu huoshwa kwa maji baridi, kamwe si ya moto, ambayo huigandisha kwenye uzi. Mafuta ya chakula yapakwe sabuni ya mche kavu, yaachwe robo saa, kisha yaoshwe kwa maji ya moto. Chai na divai vimwagiwe maji mara moja na kufyonzwa kwa kitambaa bila kusugua. Binzari, ambayo huwasumbua watu mno, ifue kisha uianike juani ukirudi, kwa kuwa mwanga wa jua hufifisha rangi yake. Utomvu wa ndizi usihangaike nao safarini. Doa lolote ambalo halijatoka, usilipige pasi wala kulitia kwenye mashine ya kukaushia, kwani joto hulifanya la kudumu. Andika kwenye karatasi ni la kitu gani, uiambatishe karatasi hiyo kwa pini, na umpe dobi wako hivyo.

Sweta langu la sufu limelowa. Je, nilitundike?

Hapana, litarefuka kwa uzito wa maji. Liviringishe kwenye taulo, kisha lilaze juu ya taulo kavu na uligeuze asubuhi na jioni.

Kwa nini naambiwa nipige pasi hata nguo za ndani nikifua maeneo ya joto?

Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa, hasa kivulini au juu ya majani. Mayai yakianguliwa mtu akiwa amevaa nguo hiyo, funza huingia ndani ya ngozi na kufanya uvimbe kama jipu wenye tundu katikati. Pasi ya moto iliyopita pande zote mbili, kwenye mishono na kwenye lastiki, huyaua. Anika kwenye kamba, juani, wala si juu ya nyasi au ua. Kwenye meli ya kitalii hofu hii haipo, kwa kuwa nguo hukaukia ndani. Inahusu nyumba za wageni za mwambao wa ziwa na maeneo yote ya joto utakayopitia. Uvimbe wa namna hiyo ukitokea, nenda zahanati, usiukamue mwenyewe.

Nimeshuka melini nikiwa na nguo mbichi, na safari ya kurudi ni ya siku mbili. Nizifungeje?

Zikamue tena kwa kutumia taulo, zikunje kwa ulegevu, na zitie kwenye mfuko wa kitambaa utakaokaa juu kabisa ya begi. Kila unapolala, zitoe zote na kuzitundika, hata kama ni kwenye kiti. Fulana moja yenye unyevu ikikaa siku mbili kwenye nailoni huota madoa meusi ya kuvu, na madoa hayo kwenye kitambaa cha rangi mara nyingi hayatoki. Ukifika Mbeya na harufu ya uvundo imeshaingia, usizitie manukato. Ziloweke usiku mmoja kwenye maji yenye kikombe cha siki nyeupe, zifue kwa sabuni asubuhi, na uzianike juani mapema, kabla ya saa nne.